Leo Baekeland: mtoto wa fundi viatu aliyeacha alama ndani ya radio yako

Siku radio yako ndogo itakufa na utaipeleka kwa fundi, angalia vizuri wakati anaifungua. Ndani utaona kibao chembamba cha rangi ya kahawia, na juu yake vipande vidogo-vidogo vimechomelewa kwa risasi. Wengi tunafikiri kile kibao ni plastiki tu, ao mbao. Kumbe kwenye radio nyingi za bei ndogo ni karatasi. Karatasi zimelowanishwa ndani ya resini, zikapangwa moja juu ya ingine, kiisha zikakandamizwa kwa joto kali mpaka zikawa kitu kimoja kigumu kisichopitisha umeme.

Mutu aliyefungua njia ya kazi hiyo anaitwa Leo Baekeland. Alikuwa Mubelgiji, na amekufa tangu mwaka wa 1944. Jina lake halisikiki sana huku kwetu, lakini mikono yetu inagusa kazi yake kila siku. Mkono mweusi wa sufuria usiochoma vidole, prizi ya zamani ukutani, triplex isiyoachana mvua ikinyesha, plaketi za freni za pikipiki: vyote hivyo vina ukoo mmoja.

Tunasimulia maisha yake leo juu yanagusa swali ambalo familia nyingi za machimbo zinajiuliza. Nani anabaki na faida: yule mwenye mali ndani ya udongo, ao yule anayejua kuichanganya?

MTOTO WA GENT

Leo Hendrik Baekeland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1863 katika muji wa Gent, muji wa viwanda vya nguo nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Haikuwa familia yenye feza ya kupeleka mtoto chuo kikuu.

Lakini mtoto alikuwa na kichwa. Alisoma shule ya ufundi ya muji, akamaliza na alama nzuri sana, na muji wa Gent ukamulipia masomo ya kemia kwenye chuo kikuu. Aliingia pale mwaka wa 1880, akiwa bado hajatimiza miaka 17. Alipofika miaka 21 alikuwa tayari daktari wa sayansi, tena na alama za juu kabisa.

Hapa tuangalie kalenda kidogo. Alipata udaktari mwaka wa 1884. Mwaka uliofuata, 1885, mfalme wa nchi yake Léopold II alitambuliwa na nchi za Ulaya kuwa mwenye Congo. Kwa hiyo katika miaka ile ile, mfalme alikuwa anatafuta utajiri ndani ya misitu ya watu wengine, kwa mpira na pembe za tembo, na tunajua damu iliyomwangika. Mtoto wa fundi viatu yeye alikuwa anautafuta ndani ya chupa za laboratwari.

Alifundisha kwanza Bruges, kiisha akarudi kufundisha Gent. Mwalimu wake mukubwa, profesa Théodore Swarts, alikuwa na binti anayeitwa Céline. Leo akamupenda. Walioana mwezi wa Agosti 1889, na kwa sababu alikuwa amepata feza ya safari ya masomo, aliondoka Ulaya na bibi yake. Walifika New York. Kampuni moja iliyouza vifaa vya picha ikamupa kazi, na Ubelgiji akaiacha hivyo.

KARATASI YA PICHA

Mambo hayakuwa laini. Mwaka wa 1891 aliacha kazi ili ajitegemee, akawa anashauri viwanda na kujaribu mambo mengi kwa mara moja. Kiisha akagonjwa vibaya. Feza ikaisha, madeni yakabaki. Akiwa kitandani aliamua jambo moja: kuacha kukimbiza mawazo mengi, ashike moja tu mpaka mwisho.

Alishika karatasi ya picha. Wakati ule, wapiga picha walihitaji mwangaza wa jua kwa kutoa picha kwenye karatasi. Siku ya mawingu kazi ililala. Baekeland alitengeneza karatasi iliyokubali mwangaza wa taa, akaiita Velox. Mwaka wa 1893 alianzisha kampuni ya Nepera pamoja na mwenzake Leonard Jacobi. Mwanzo ulikuwa mugumu, juu uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka ule na wapiga picha walikuwa wamezoea jua lao. Polepole wateja wakakuja.

Mwaka wa 1899, George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, aliinunua Nepera kwa dola 750,000. Baekeland na wenzake waligawana. Alikuwa na miaka 35, na hakuwa tena na lazima ya kutafuta kazi kwa mutu. Alinunua nyumba kubwa Yonkers, karibu na mto Hudson, akageuza jengo moja la pale kuwa laboratwari yake. Lakini mkataba ulimukataza kugusa tena kazi ya karatasi ya picha kwa miaka 20. Mulango mumoja umefungwa, akaenda kutafuta mungine. Alirudi Ulaya, nchini Ujerumani, kusoma zaidi juu ya umeme na kemia.

KITU AMBACHO WENGINE WALITUPA

Miaka ile umeme ulikuwa unaingia kila fasi. Waya, mashini na simu vilihitaji kitu cha kuzuia umeme usitoroke. Kitu kilichotumiwa sana kilikuwa shelaki, gundi inayotolewa na wadudu wadogo sana wanaoishi juu ya miti, zaidi nchini India. Wadudu hawawezi kuharakishwa. Haja ilipanda, bei ikapanda nayo.

Baekeland alitaka kutengeneza shelaki bila wadudu. Alichukua vitu viwili. Cha kwanza ni fenoli, iliyotolewa ndani ya lami ya makaa ya mawe. Lami hiyo ilikuwa takataka ya viwanda vya gazi. Cha pili ni formoli, ile dawa yenye harufu kali tunayoijua kwenye morgue.

Hakuwa wa kwanza kuchanganya fenoli na vitu vya namna hiyo. Mwaka wa 1872, mwanakemia mukubwa wa Ujerumani, Adolf von Baeyer, alikuwa ameona mchanganyiko huo unatoa kitu cha kunata kisichotoka ndani ya chupa. Yeye alikuwa anatafuta rangi, basi akakiacha. Wengine waliokuja nyuma walishindwa pia, juu mchanganyiko ulitoa povu kwa nguvu, na ulipokauka ulikuwa umejaa matundu kama mkate.

Baekeland na musaidizi wake Nathaniel Thurlow walianza na resini ya kupaka, wakaiita Novolak. Sokoni haikwenda mbali. Hapo akageuza swali. Kama kile kitu kinakuwa kigumu hivyo na hakuna dawa ya kukiyeyusha, labda ugumu wenyewe ndiyo faida yake. Kazi ibaki moja tu: kukitawala.

Siri yake ilikuwa kufunga mchanganyiko ndani ya chungu kizito cha chuma, autibie joto na mgandamizo pamoja. Joto linaharakisha kazi, mgandamizo unazuia povu. Alijua pia kusimamisha mchanganyiko katikati ya njia. Mwanzo ni maji mazito. Katikati ni kitu kigumu kidogo kinacholainika kwa joto, unaweza kukisaga kuwa unga. Mwisho ni kitu kigumu kabisa, hata ukirudisha kwenye moto hakiyeyuki. Fikiri mshumaa na yai. Mshumaa ukiyeyuka unaweza kuufinyanga tena. Yai likishachemka, halirudi kuwa maji. Kitu cha Baekeland ni yai.

Ilikuwa mwaka wa 1907. Mwezi wa Julai aliomba haki ya uvumbuzi wake. Na mambo yalikuwa ya mbio: muhandisi wa Uingereza, James Swinburne, aliyekuwa anafuata njia ile ile, alifika kuandikisha kazi yake kwa kuchelewa siku moja tu. Mwezi wa Februari 1909 Baekeland alisimama mbele ya wanakemia wa Marekani huko New York, akaonyesha kitu chake na kukiita Bakelite, kwa jina lake mwenyewe. Ilikuwa plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemia, bila kuanzia mmea wala mnyama.

UNGA WA MBAO NDANI YA RESINI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanalisahau. Resini peke yake inavunjika kwa urahisi ukiiangusha chini. Nguvu ilikuja alipoichanganya na vitu vingine: unga wa mbao, pamba, kitambaa, karatasi, amianti. Vitu hivyo vinashika resini isipasuke, na resini inashika vitu hivyo visiachane.

Huku kwetu jambo hilo si geni. Mujenzi wa nyumba ya udongo anajua: udongo peke yake unapasuka, fito peke yao zinaacha upepo upite. Ukiziweka pamoja, unapata ukuta. Viwanda vya leo vinaita hiyo kompoziti, maana yake kitu kilichotengenezwa kwa vitu viwili ao zaidi, kila kimoja kikibeba uzaifu wa mwenzake.

Kampuni ya Baekeland ilianzishwa mwaka wa 1910. Kwanza ilikuwa vipande vya mashini za umeme. Nyuma zikakuja simu nyeusi, masanduku ya radio, sehemu za gari, vifungo, mikono ya visu. Mwaka wa 1913, wahandisi wawili Waamerika, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walianzisha kampuni ya karatasi na nguo zilizobandikwa kwa resini. Walitaka kuchukua fasi ya madini ya mika ndani ya mashini za umeme, na jina walilotoa, Formica, linatoka kwenye mika hiyo. Meza nyingi za hoteli na restora zetu zimevaa formica mpaka leo.

Wengine walimuiga Baekeland bila ruhusa, akawapeleka mahakamani. Mwishoni, mwaka wa 1922, kampuni mbili zilizoshindana naye ziliungana na yake. Mwaka wa 1924 sura yake ilitokea kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti Time, na mwaka ule ule alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanakemia wa Marekani.

FAIDA NA VIDONDA

Tusimusifu tu. Kitu chake kilifanya radio ziwe za bei ndogo, na sisi watu wa radio tunajua maana yake. Lakini tangu mwaka wa 1933 Wanazi wa Ujerumani walitumia sanduku la Bakelite kwa kutengeneza radio ya watu wote, ili sauti yao iingie kila nyumba. Sanduku halichagui neno linalopita ndani yake. Katika Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezewa zaidi hapo.

Amianti nayo, iliyochanganywa ndani ya resini kwa kuvumilia joto, zaidi kwenye freni, ilikuja kujulikana kuwa vumbi lake linaua mapafu. Na kitu kisichoyeyuka ni kitu kisichorudi: Bakelite iliyovunjika huwezi kuiyeyusha utengeneze ingine.

Kuna kidonda kingine kilichogusa Congo moja kwa moja. Wakati wa ukoloni, misitu ya maji ya Équateur ilikuwa inatoa kopali, ambayo watu wa pwani ya Uswahili wanaiita sandarusi. Ni utomvu wa miti uliokaa muda mrefu ndani ya matope mpaka ukawa mugumu kama jiwe. Watu, wanawake pia, waliingia ndani ya maji na fimbo ndefu, wakichomachoma chini mpaka fimbo ikigonga jiwe la kopali. Wengi walifanya hivyo juu ya kodi ya Bula Matari. Kopali ilipelekwa Ulaya kutengeneza vernisi, na kwenye miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa kati ya mali kubwa za misitu zilizotoka Congo.

Kiisha resini za kiwandani, watoto wa kazi iliyoanzia kwenye chungu cha Baekeland, zikaingia katika vernisi na rangi. Zilikuwa safi, za namna moja, na kiwanda kilizitengeneza wakati wowote. Baada ya vita kuu ya pili soko la kopali likafifia. Kopali haikuisha ndani ya matope. Ilipoteza bei tu, juu mahali pengine watu walijifunza kuchanganya lami na formoli. Na wale waliokaa miaka ndani ya maji na fimbo zao, hakuna aliyewaachia hata kiwanda kimoja cha vernisi.

MWISHO WA SAFARI

Baekeland alizeeka tajiri, lakini si mwenye furaha sana nyumbani. Alikuwa mugumu, mwenye kupenda kazi kuliko maongezi. Alitaka mwana wake George achukue kampuni, lakini George hakuwa na hamu ya maisha hayo, na wawili hawakupatana vizuri. Mwaka wa 1939 kampuni iliuzwa kwa Union Carbide.

Miaka yake ya mwisho aliishi sana Florida, kwenye nyumba yenye bustani ya mimea ya nchi za joto. Mutu mwenye mamilioni alikula chakula ndani ya mikebe. Akisikia joto aliingia ndani ya maji na nguo zake nyeupe, akatoka, akaacha upepo umukaushe. Akili ilianza kumuacha polepole. Alikufa tarehe 23 Februari 1944 huko Beacon, jimbo la New York, akiwa na miaka 80.

KAZI INAENDELEA

Baekeland amekufa lakini wazo lake limekua. Wakati wa vita kuu ya pili, madini ya aliminiamu yalipokuwa ya shida, Waingereza walijaribu kutengeneza mwili wa ndege ya Spitfire kwa nyuzi za kitani na resini ya fenoli. Leo ndege ya Boeing 787, karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, zaidi nyuzi za kaboni ndani ya resini ya epoksi, ambayo nayo ni ya namna ya yai. Mwaka wa 2006 chombo kidogo cha Marekani, Stardust, kilirudi kutoka angani na vumbi la nyota yenye mkia. Ngao iliyokilinda na moto wakati wa kuanguka ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizojazwa resini ya fenoli. Zaidi ya miaka 90 baada ya Yonkers, ni ile ile.

Na wanasayansi wanashugulikia kidonda cha zamani. Mapanga makubwa ya mashini za upepo, yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na resini, yanapozeeka ni vigumu kuyarudisha kiwandani, mengi yanazikwa tu. Mwaka wa 2011 kikundi cha Ludwik Leibler nchini Ufaransa kilionyesha resini ya namna mpya: ni ngumu kama epoksi, lakini ukiipasha joto unaweza kuifinyanga tena. Ni kama yai lililokubali kugeuzwa sura. Wengine wanatafuta kupunguza fenoli ndani ya gundi za triplex, wakiweka lignini, kitu kinachopatikana ndani ya kila mti. Wengine tena wanarudi kwa nyuzi za mimea, kama kitani na katani, fasi ya nyuzi za kioo.

Kwa musomaji wa Walikale, Rubaya, Kamituga ao Kolwezi, hadithi hii si ya mbali. Koltani yetu inatoka leo kama vile kopali ilitoka: ndani ya mifuko, mbichi. Kobalti nayo inatoka bila kusafishwa mpaka mwisho. Na betri za gari zisizo na kobalti hata kidogo, za chuma na fosfati, zimekwisha kuchukua fasi kubwa sokoni, zaidi Uchina. Bei ya kitu kilicho ndani ya udongo wetu inaweza kuanguka juu ya jambo lililogunduliwa ndani ya laboratwari ambayo hakuna hata mumoja wetu aliyeingia.

Baekeland hakuwa na shimo la madini. Alianza na lami iliyokuwa takataka na unga wa mbao unaofagiwa chini ya msumeno. Alichokuwa nacho ni masomo, na masomo hayo hayakulipwa na baba yake, fundi viatu. Yalilipwa na muji wake.

Kwa hiyo fundi akimaliza kutengeneza radio yako, mbele hajafunga kifuniko, angalia kile kibao cha kahawia mara moja tena. Ni karatasi na resini tu. Kiisha jiulize ni mtoto gani wa mutaa wako mwenye kichwa cha kemia, na nani anamulipia minerval mwaka huu.